Mganga Pazi na Mzee Asiyeumwa Popote

Paukwa!

— Pakawa!

Loo, mmeitikia kama watu waliotolewa usingizini kwenda palizi. Tena. Paukwa!

— Pakawa!

Hapo sawa. Sasa niombe radhi mapema, maana nikingoja mwisho huenda asibaki wa kuombwa. Ngano hii nitaiharibu. Najijua. Aliyenisimulia mimi aliisimulia vizuri: watu walicheka, watu walilia, mbuzi waliacha kutafuna. Mimi nimejaribu mara nne. Mara ya kwanza nilimsahau mzee. Mara ya pili nilimsahau mganga. Mara ya tatu niliwakumbuka wote wawili, nikasahau walichofanya. Mara ya nne alinisahihisha mlevi mmoja, na mlevi alikuwa sahihi. Basi nikipotea njia, nivuteni shati. Nikinoga, msinipigie makofi sana, nitaanza kuimba.

Haya. Zamani za kale, zamani zile ambazo hata wazee ukiwauliza wanakwambia wamwulize babu yao kwanza, palikuwa na kijiji bondeni. Kijiji kile kililima mahindi, na ngedere wakapata habari. Ngedere wa bonde lile hawakuwa na haya. Walikuja asubuhi, wakaja adhuhuri, wakaja alasiri, utadhani wamepangiwa zamu.

Ndipo katikati ya shamba kubwa watu wakajenga dungu: kichanja kirefu cha miti, paa la nyasi juu, ngazi ya kupandia. Juu ya dungu alikaa mzee mmoja mwenye pembe. Ngedere wakitokeza, mzee anapuliza: Puuuuu! Ngedere wanatimka matawini: parakacha! parakacha! parakacha! Kwa nini mzee? Kijana husinzia. Mzee ana subira, tena ngedere anawajua kwa sura, kwa tabia na kwa ukoo.

Mwenye pembe alikuwa mtu mkubwa. Akipita, watu wanampisha. Akikohoa barazani, watu wananyamaza wakidhani anataka kusema neno. Na kwa misimu kumi na miwili, mwenye pembe alikuwa Mzee Mwinshehe.

Lakini pembe haikushikwa hivi hivi. Kila mwaka, kabla mahindi hayajachanua, mganga wa kijiji alipita nyumba za wazee na kibuyu cha chokaa. Ndiyo desturi yao. Mganga anauliza, "Wapi panauma?" Mzee anaonyesha. Mganga anapaka doa la chokaa pale pale. Doa moja, dawa moja. Madoa matatu, mzee anapumzishwa mwaka huo. Asiye na doa ni mzima, aendelee na kazi yake. Uganga mwepesi. Hata mimi ningeuweza, na mimi niliwahi kumpa bwana harusi mkono wa pole.

Mganga mwenyewe aliitwa Pazi. Sauti kubwa, kicheko kikubwa, mkoba mkubwa. Kilichobaki kilikuwa cha kawaida. Tuseme haki lakini: palipouma, Pazi alipajua. Jino, homa, nyoka, mwiba, tumbo la kuhara, hayo alikuwa hashindwi. Pasipouma ndipo hakuwa na habari napo. Mkiona anafanana na mtu mnayemjua, nyamazeni tu. Yuko kazini, anawasimulia.

Mzee Mwinshehe alikuwa mjomba wake Pazi, kaka wa mama yake. Mama alifariki Pazi akiwa mtoto wa kubebwa, na Mwinshehe akambeba. Alimbeba mgongoni kwenda shamba. Alimbeba mabegani kuvuka mto. Alimbeba hata alipokuwa mkubwa wa kutosha kutembea, maana Pazi alianza uvivu mapema. Kwa hiyo mwaka ule Pazi alifika kwa mjomba wake na furaha yake yote, akabisha hodi kama anayebomoa.

"Hodi! Hodi! Hodi mjomba!"

"Karibu," ikaitika sauti nyembamba kutoka ndani.

Kisha ikaja fimbo. Ko. Kimya. Ko. Kimya. Ko. Kutoka kitandani hadi mlangoni ni hatua saba. Pazi akasimama, akachuchumaa, akahesabu kuku wa jirani, akasimama tena. Mwaka uliopita mjomba alikuwa anafungua mlango kabla hodi haijaisha. Pazi akawaza, Mjomba sasa amekuwa mtu wa taratibu, hiyo ndiyo heshima. Akafurahi.

"Shikamoo mjomba!"

"Marahaba, mpwa wangu. Punguza sauti, utawaamsha waliozikwa."

Wakapeana mikono. Mkono wa mjomba, ule uliokuwa unang'oa visiki, ulitulia kiganjani mwa Pazi kama jani la mgomba lililonyeshewa. Pazi akawaza, Mjomba amekuwa mpole. Akafurahi.

Mjomba akaenda kukaa. Akashika ukuta, akashika kigoda, akashika goti, halafu akajiachia: pu! Pazi akawaza, Mjomba anakaa kwa vituo, kama watu wakubwa. Akafurahi.

Shuka iliyokuwa ikimzunguka mjomba kiunoni mara moja, sasa ilimzunguka mara mbili na ncha ikaning'inia. Pazi akawaza, Mjomba amenunuliwa shuka pana, wanawe wanamtunza. Akafurahi mno.

Mwamvita, mke wa mtoto wa Mwinshehe, akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Shemeji, heri umekuja. Mwambie mjomba wako kama hapendi mapishi yangu aseme tu. Nampa ugali, anamega mara tatu, anasukuma sahani. Nampa kunde, anamega mara mbili, anasukuma sahani. Huu mwezi wa nne! Nimepika kila nilichofundishwa kwetu."

"Punguza chumvi, shemeji."

"Sijatia chumvi tangu mwezi uliopita."

"Basi ongeza," akasema Pazi, akaona amemaliza kesi. Akafungua kibuyu cha chokaa, akachovya kidole. "Haya mjomba. Wapi panauma?"

"Hapaumi."

"Kichwani?"

"Hapaumi."

"Mgongoni?"

"Hapaumi."

"Na lile goti la mwaka juzi?"

"Ulinipa dawa. Naendelea kuinywa."

"Na usingizi?"

"Ulinipa dawa. Naendelea kuinywa."

"Na kile kizunguzungu?"

"Ulinipa dawa. Naendelea kuinywa."

"Usiache hata moja!" Pazi akafuta kidole ukutani, akafunga kibuyu. "Mjomba, huna doa! Wewe mzima kuliko mimi!"

Mwinshehe akatabasamu, akaishusha pembe ukutani, akaipakata. Hakusema uongo yule mzee. Kweli hapakuuma popote. Lakini palikuwa na kitu anakiogopa, nacho ni kuitwa mzee wa kukaa. Mzee wa kukaa aliwekwa mlangoni asubuhi, akaondolewa mlangoni jioni, na katikati ya hapo watu walimsalimia wakipita bila kungoja aitike.

Sasa, pale kwenye mlango wa jiko alikuwa amesimama Bi Sikudhani. Alikuja kuomba kaa la moto, akachelewa kuondoka kwa sababu ya kutazama. Bi Sikudhani alikuwa mkunga, mkongwe, mfupi, mkavu wa maneno. Nusu ya kijiji ilipita mikononi mwake ikiingia duniani. Mkoba hakuwa nao. Kibuyu hakuwa nacho.

"Pazi," akasema, "huyu asipande dungu."

"Kwa nini, bibi? Ana ugonjwa gani?"

"Hana ugonjwa."

"Basi ni mzima."

"Si mzima."

Pazi akacheka hadi kuku wakahama uani. "Bibi yangu, mtu ni mgonjwa au ni mzima. Katikati yake pana nini?"

"Pana Mwinshehe."

"Ah, huo ni uzee tu, bibi."

"Mimi nimemzidi umri. Nimekuja kwa miguu yangu kuomba moto, na nitaondoka nao mkononi. Uzee haukuijua nyumba yangu?"

Pazi akafanya wanalofanya wenye sauti kubwa wakikosa jibu: akaongeza sauti. "Bibi, kazi yako ni wale wanaoingia duniani! Hawa wanaokaribia kutoka niachie mimi!"

Majirani na wakubwa wa kijiji, walioletwa mlangoni na kelele za Pazi, wakacheka. Mwinshehe naye akacheka, ila alianza wa mwisho, na macho yake yalikuwa chini.

"Nilikupokea mimi mwenyewe," akasema Bi Sikudhani. "Ulikuja miguu mbele. Kichwa chako kimechelewa mpaka leo." Akachukua kaa lake la moto, akaenda zake.

Mahindi yakachanua. Mwinshehe akapanda dungu. Ngazi ilikuwa na vipago kumi na kimoja, naye akapumzika katika kila kipago. Watu wa chini wakasema, "Mzee anakagua shamba."

Ndipo yakaja mafua. Mafua tu, msishtuke. Chya! huku, chya! kule, chya! kijiji kizima. Watoto waliugua siku moja. Mwamvita aliugua siku mbili. Bi Sikudhani alipiga chafya tatu, akaendelea kutwanga. Pazi aliugua siku mbili, akatangaza anakufa, akagawa mbuzi wake; siku ya tatu akaamka hajambo, akapita nyumba kwa nyumba akidai mbuzi wake.

Mwinshehe akapata mafua yale yale. Yale yale, si mengine. Siku ya kwanza pembe ikalia: Puuuu. Siku ya pili: Puu. Siku ya tatu: Pu.

Siku ya nne pembe haikulia.

Ngedere wakafika. Wakasubiri kidogo, kwa mazoea. Kimya. Wakatazamana. Wakashuka. Kwacha! kwacha! kwacha! Watu wakatoka na marungu, wakakimbilia mahindi. Pazi alikimbilia dungu.

Alimkuta chini ya ngazi. Mguu mmoja ulikuwa kwenye kipago cha kwanza, mikono miwili imeshika mti, paji la uso limeegemea kipago cha tano. Alikuwa pale tangu alfajiri. Umande ulimlowesha, ukamkaukia. Kupanda hakuweza, kurudi hakuweza.

"Mjomba!"

Mwinshehe akamtazama kwa muda. "Mwanabibi," akasema, "mtoto amelala?"

Mwanabibi alikuwa mama yake Pazi. Mtoto aliyeulizwa alikuwa Pazi mwenyewe.

Sauti kubwa ya Pazi ikamwisha. Akatoa kibuyu cha chokaa, kwa kuwa mikono yake haikujua kazi nyingine. "Mjomba, wapi panauma?"

"Hapaumi."

"Mjomba nionyeshe, nakuomba. Wapi?"

"Hapaumi, Mwanabibi. Nimechoka tu."

Pazi akampaka kifuani. Akampaka magotini. Akampaka mgongoni, kichwani, viganjani, nyayoni. Chokaa ikaisha. Ndipo akainama ambebe. Akapanga miguu, akavuta pumzi, akajikaza kama anayeinua gogo la mvule, akainuka, na nusura aanguke chali, maana alichokikazania hakikuwepo. Mtu aliyemvusha yeye mto, mabegani, maji yakiwa kifuani, alikuwa mwepesi kama tita la kuni zilizosahauliwa juani.

Pazi akatembea akilia. Watoto njiani wakamwona mganga analia, kabeba kitu cheupe kinachosema, wakapiga mayowe, "Mzimu! Mzimu!" wakaingia porini. Hata kilio chake kikaharibika. Namwonea huruma. Mimi msibani kwa babu yangu nilizimia kwa uchungu, nikaangukia chungu cha mchuzi. Mpaka leo watu wa kwetu wanaukumbuka mchuzi.

Alipofika nyumbani hakumtuma mtu. Alikwenda mwenyewe kwa Bi Sikudhani, akapiga magoti mlangoni.

"Bibi, nimekosa."

"Najua. Twende."

Bi Sikudhani akamtazama Mwinshehe kitandani, mweupe kote. "Umempaka nini?"

"Chokaa, bibi."

"Mwili mzima?"

"Sikujua ni wapi."

"Leo angalau umesema ukweli. Kaa hapo. Pazi, nikimpokea mtoto wa leo leo, huwa namuuliza wapi panauma?"

"Hapana, bibi. Hajui kusema."

"Sasa najuaje kama atakaa nasi au atatuaga?"

"Sijui, bibi."

"Namtia kidole kiganjani, nione anavyoshika. Namweka mikononi, nimpime uzito. Namwangalia anyonyavyo, kama anamaliza au anaachia njiani. Namsikiliza akilia, kama anachoka upesi. Mtoto anaweza asiwe na ugonjwa wowote, na upepo wa mlangoni tu ukamchukua. Nawe mjomba wako ulimshika mkono. Ulimwona alivyoinuka, ulimwona alivyokaa. Uliambiwa hali chakula. Ulikuwa nayo yote mbele yako."

"Niliyaona yote, bibi."

"Ukafanya nini?"

"Nilifurahi."

Bi Sikudhani akafunga macho kidogo, akayafungua. "Sikiliza basi. Wewe na yeye mmeugua mafua mamoja. Wewe una ghala nyuma ya nyumba. Ulikwenda ukachota, ukasimama. Yeye nyumba anayo, mlango anao, salamu anazo, ila ghala limebaki sakafu. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa mtu asiye na pa kuchota. Na hilo si uzee, maana mimi mzee na ghala langu lina kitu. Tena hujazwa, ukiwahi. Mwamvita! Niletee dawa zake."

Mwamvita akaleta vibuyu saba, akavipanga sakafuni.

"Hiki cha nini?"

"Cha goti," akasema Pazi.

"Goti linauma?"

"Liliacha mwaka juzi."

"Na hiki?"

"Cha usingizi."

"Na hiki?"

"Cha kizunguzungu."

"Kizunguzungu kilitoka wapi?"

Pazi akatazama dari. "Kwenye kile cha usingizi."

"Na hiki?"

"Cha kutapika."

"Kutapika kulitoka wapi?"

"Kwenye kile cha kizunguzungu, bibi. Usiendelee, nakusihi."

Akaendelea hadi cha saba. Kimoja akakibakiza. Viwili akasema vipunguzwe polepole, vinne akavimwaga nyuma ya choo, na panya wa kule wakalala siku tatu.

Kisha akamgeukia Mwamvita. "Mwanangu, mapishi yako hayana kosa. Hakuwa na nguvu ya kutafuna. Mkorogee uji wa ulezi, utie karanga zilizotwangwa. Kidogo, mara sita kwa siku. Maharage uyaponde. Supu ya samaki, na nyama ya samaki umchambulie miiba."

Mwamvita akalia kwa furaha. Halafu akakumbuka. "Shemeji Pazi! Kumbe ule mwezi mzima nilikula bila chumvi bure!"

Mgonjwa akalala, akanywa uji, akalala, akanywa uji. Siku ya tatu akamwita Pazi kwa jina lake. Siku ya nne Pazi akamfunika vizuri, akasema, "Sasa alale mwezi mzima apone."

"Mwezi mzima?" akasema Bi Sikudhani. "Kitanda kimeshamla nusu, unakiongezea na mboga? Mkalishe kwenye kigoda. Asimame, akae. Asimame, akae. Mara tano asubuhi, mara tano jioni, na wewe pembeni yake ukifanya naye."

Wakaanza. "Moja!" Mwinshehe akasimama akitetemeka, kashika bega la mpwa wake. "Mbili!" Magoti ya Pazi yakalia: kokoko! "Tatu!" Kokoko! Mwinshehe akamtazama, akasema kwa sauti yake nyembamba, "Mpwa wangu, leta chokaa, nikupake wewe." Siku hiyo nyumba ilicheka mpaka majirani wakaja.

Lakini siku ya saba Mwinshehe akatazama ukutani. Pembe haikuwepo. Wakubwa wa kijiji walikuwa wamekuja wakaichukua, kwa adabu kabisa, wakampa mtu mwingine. Mwinshehe akageukia ukuta. Uji ukaletwa, hakunywa. Kigoda kikaletwa, hakuinuka.

"Mjomba, simama, tuhesabu moja," akasema Pazi.

"Nisimame niende wapi? Niwekeni mlangoni."

Uji wa pili hakunywa. Wa tatu hakunywa. Ghala lile lilikuwa limepata pishi mbili tatu tu, na sasa lilikuwa linavuja. Pazi akakimbia kwa Bi Sikudhani, na Bi Sikudhani akaenda moja kwa moja barazani, walikokaa wakubwa.

"Nani kachukua pembe ya Mwinshehe?"

"Sisi, bibi. Hawezi kupanda dungu. Wewe mwenyewe ulisema."

"Nilisema asipande. Sikusema asipulize. Ngedere wanaogopa nini, pembe au ngazi?"

Wakatazamana. "Pembe."

"Basi katani ngazi."

"Bibi! Dungu lile ni refu tangu enzi za mababu!"

"Mababu walitaka kuona mbali. Mwinshehe anawajua ngedere kwa mlio wa majani. Mnataka apande juu akasikilize mawingu?"

Minong'ono ikaanza. Hapa ndipo Pazi akasimama. Watu wakajiandaa kucheka, walimzoea. Lakini safari hii alizungumza chini chini, hata waliokuwa nyuma wakasogea.

"Mimi ndiye niliyesema ni mzima," akasema. "Bibi alinionya mbele yenu, nikamcheka mbele yenu. Mjomba wangu hataki dawa yangu. Anataka kazi yake, iletwe pale anapofika mguu wake. Nipeni shoka, nianze mimi."

Wakampa shoka. Pazi akapanda dungu kwa hasira na mapenzi, akakata nguzo. Ta! Ta! Ta! Ile nguzo ndiyo aliyokuwa ameegemea. Dungu likashuka lote, garagaragara, BU! na Pazi ndani yake. Vumbi lilipotulia, dungu lilikuwa na urefu wa mbuzi, na juu ya paa palikuwa na shoka, na chini ya paa palikuwa na sauti ikisema, "Wapi panauma, wapi panauma... jamani, pote!"

Wakaliacha hivyo hivyo. Lilikuwa linatosha.

Mwinshehe akapelekwa, kwa fimbo yake, Pazi upande mmoja na Mwamvita na bakuli la uji upande wa pili. Ko, ko, ko. Akakaa kwenye dungu lake fupi. Akapewa pembe. Ngedere wakatokeza. Akavuta pumzi, akapuliza: Ffff.

Ngedere mmoja akaketi kabisa amsikilize.

Wiki iliyofuata: Pfu. Iliyofuata: Pu. Uji mara sita, kigoda mara kumi, kutembea hadi dungu na kurudi. Mwezi ukaandama, ukaandama tena. Asubuhi moja mahindi yakiwa yamekomaa, ngedere wakashuka na watoto wao, na bonde zima likasikia:

PUUUUUUU!

Parakacha! parakacha! parakacha! Mpaka ng'ambo ya kilima. Mwamvita aliacha sufuria ikaungua. Bi Sikudhani aliacha kutwanga, akasikiliza, akaendelea kutwanga. Pazi alikaa chini njiani, mtu mzima na mkoba wake, akalia; na safari hii hakuna mtoto aliyekimbia.

Nisiwadanganye: Mwinshehe hakurudi kuwa kijana. Mto hakuvuka tena, kisiki hakung'oa tena. Alipata misimu mingine minne, na ule wa tano aliondoka, pembe ubavuni. Lakini misimu yote minne, watu wakipita dunguni walimsalimia, wakasimama, wakangoja aitike.

Na Pazi? Chokaa iliyobaki nyumbani kwake mkewe alisilibia jiko. Kila mwaka aliendelea kupita nyumba za wazee, lakini swali likawa lingine, alilofundishwa na Bi Sikudhani. Alikuwa anauliza, "Siku hizi umeacha kufanya nini?" Bibi mmoja alimjibu, "Nimeacha kumwogopa mume wangu." Pazi akasema hilo si la dawa, hongera. Wa pili akajibu, "Nimeacha kwenda kisimani, nafika nusu ya njia narudi." Pazi akaketi hapo hapo, akampa mkono, akaushika kwa muda mrefu, akaomba kuona sahani yake ya jana. Hakufurahi mpaka amejua. Na kila alipomkuta mzee ameanza kuishiwa ghala, alimtuma mtu kwa Bi Sikudhani, na Bi Sikudhani alipofariki, watu waliendelea kusema, "Tumwangalie kama Bi Sikudhani angemwangalia." Ndiyo maana jina lake limefika hadi kwangu, ingawa limepita kwa mlevi.

Basi ngano yangu inatufundisha hivi: mzee akikwambia hapaumi popote, usiseme ni uzee tu ukaenda zako. Mtazame anavyoinuka, anavyokula, anavyoshika mkono wako. Muulize ameacha nini, umuulize angali na nguvu ya kukujibu. Na unapompunguzia mzigo, usimwondolee na nafasi yake.

Hadithi yangu imefika kikomo chake, na mtu mwenye akili angenyamazia hapa. Mimi nikaona niwe wa kwanza kuufuata wosia wangu. Juzi nimekwenda kwa shangazi yangu, mzee sana, nikamshika mkono, nikamuuliza kwa upole, "Shangazi, siku hizi umeacha kufanya nini?"

Akafikiri. "Nimeacha kuja kusikiliza hadithi zako."

Moyo ukanipasuka. "Shangazi! Ni miguu?"

"Miguu mizima."

"Nguvu zimepungua?"

"Ninazo tele."

"Basi ni masikio, shangazi? Husikii vizuri?"

"Nasikia kila neno, mwanangu," akasema. "Ndiyo sababu."